Kopo la Mafuta la Dada Mwanaidi

Usiku ule nililala nikijichekea ndani ya shuka, kwa sababu jioni yake nilifanya upumbavu nikauona utaalamu. Nilichukua dawa ya mama ya kulainisha nywele, nikaikorogea ndani ya kopo la siagi ambamo dada yangu Mwanaidi huweka mchanganyiko wake wa nazi na parachichi.

Mwanaidi alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Shuleni kwetu wasichana hunyolewa kipara, kwa hiyo tangu mtihani wa mwisho hakugusa mkasi. Nywele zikaota, zikajaa, zikasimama. Kila Jumamosi asubuhi anaziosha, anazipaka, anazisuka mabutu huku akizisemesha kama mtu anayelea mtoto. Mimi nilitaka tu nizione zimelala kama za mbuzi aliyenyeshewa, nikawasimulie wenzangu darasani.

Basi nikasinzia, nikajikuta ukumbini kwa Bibi, mama yake baba, aliyefariki Ramadhani iliyopita. Tangu nizaliwe aliniita mume wangu, na kufa hakukumbadilisha.

"Njoo nikusuke, mume wangu."

"Bibi, mimi mwanamume. Halafu nina kipara."

"Kaa."

Nikakaa chini, katikati ya magoti yake, kama wanavyokaa wasichana. Magoti yakanibana. Nashika kichwa, kumbe kimejaa nywele, nyingi, za Mwanaidi kabisa. Bibi anachovya vidole kwenye kopo la siagi. Nataka kumwambia asichovye hilo, mdomo haufunguki. Anapaka. Mwanzo ni baridi. Kisha siafu. Kisha moto.

"Bibi, inachoma."

"Vumilia. Na mimi niliambiwa nivumilie."

Ukumbi si ukumbi tena, ni chumba cha bibi harusi, na Bibi ni msichana wa rika la Mwanaidi. Shangazi zake wamemkamata mabega. Chanuo la chuma linatolewa kwenye makaa, jekundu, wamnyooshe nywele ili bwana asizione kipilipili. Nasikia harufu. Nasikia na mtu anacheka pale dirishani, na kicheko chenyewe ni changu.

Anageuka, ni mzee tena. Anavua ushungi, ambao maisha yake yote sikumwona ameuvua. Kutoka utosini mpaka sikioni hakuna unywele, ngozi imekunjamana na kung'aa.

"Babu yako naye alicheka," anasema. "Siku ya kwanza."

Anajifunga tena ushungi.

"Nenda kamwambie dada yako mwenyewe. Kwa mdomo huohuo."

Nikaamka jua limeshapanda, na uani maji yanamiminwa. Nikatoka mbio na msuli kiunoni. Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kibao, kichwa amekifunga mfuko wa nailoni, anaimba.

"Leo mafuta yanawasha," akaniambia. "Nadhani parachichi limechacha."

"Osha, dada. Nimetia dawa ya mama."

Hakuuliza mara mbili. Akainamia beseni, mimi nikamimina maji, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nywele zikawa zinashuka na maji, mafungu mafungu, bado zimejikunja vizuri. Upande wa kulia zilibaki. Wa kushoto sikuweza kuutazama.

Aliponyanyuka alizikusanya nywele zote kutoka kwenye beseni, hata zile zilizonasa kwenye vidole vyangu, akazifukia nyuma ya jiko, maana nywele za mtu hazitupwi ovyo. Halafu akasema, "Lete wembe."

Nilimnyoa mimi. Aliinamisha kichwa kama yuko shule.

Mama alirudi kutoka sokoni akatukuta hivyo. Alimtazama Mwanaidi, akalinusa kopo, akanitazama mimi. Niliukunja mgongo nikingoja kipigo. Akanivuta jikoni, akafunga mlango, akasema polepole:

"Usimwombe msamaha leo. Namjua mwanangu, atakusamehe. Mwache kwanza akuchukie."