Nilimsingizia Mtunza Moto kwa Ajili ya Karoti za Kwenye Simu

Nakiri kabla hujaniuliza: niliharibu tumbaku ya baba yangu, bani zima, halafu nikamsingizia mtu mwingine. Naanza na hilo ili usije ukanipenda kwanza halafu ukajuta.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Tabora mjini. Siku za shule nakaa Mtendeni kwa shangazi, likizo narudi Goweko kwa wazazi, ambako tunalima tumbaku.

Kama hujawahi kuishi na tumbaku, iko hivi. Majani yakishachumwa yanafungwa kwenye fito, na fito zinapangwa ndani ya bani, kijumba kirefu cha matofali ambacho moto wake unachochewa kwa nje. Siku za mwanzo moto unakuwa mdogo, joto lisizidi nyuzi thelathini na nane, mpaka majani yote yageuke njano. Hapo ndipo unaanza kupandisha taratibu. Ukipandisha mapema, jani linakauka likiwa kijani, na likishakauka kijani limekwisha. Hata ulilie haligeuki.

Haya yote nayajua tangu darasa la pili. Naomba uyakumbuke nitakapofika sehemu ya kujifanya mjinga.

Sasa, likizo ya Pasaka shangazi alinipa simu yake ya zamani. Kioo kilikuwa kimepasuka kiasi kwamba ukisoma meseji unahisi imeandikwa na watu wawili wanaogombana. Nikaweka gemu. Gemu yenyewe ya kulima.

Ndiyo. Mtoto wa mkulima, nimetoka kubeba fito tangu alfajiri, nikakaa kivulini kupumzika kwa kulima.

Nisiwe mnafiki, zile gemu ndogo ndogo zina uzuri wake. Hazili bando. Unacheza kwa kidole kimoja, mkono mwingine umeshika muhindi wa kuchoma. Unaweza kucheza dakika tatu ukaacha, na ndani ya hizo dakika tatu umepanda, umevuna na umesifiwa. Nyumbani kwetu ukivuna husifiwi, unaonyeshwa mstari unaofuata. Hata Kiingereza changu kilipanda, ingawa kwa upande wa mboga tu.

Ubaya wake niliujua baadaye. Kwenye gemu kila kitu kina kitufe cha kuharakisha. Karoti zinachelewa, unalipa almasi, zinaiva. Huna almasi, unaangalia tangazo sekunde thelathini unapewa. Ukikosea, tangazo jingine, unasamehewa. Ukikaa na kitu cha namna hiyo wiki nzima, kichwa kinazoea.

Pale bani tulikuwa na mtunza moto, ameajiriwa kwa msimu. Nitamwita Nestori, ingawa silo jina lake. Ni mtu mzima, ana watoto watatu, kwao ni Ulyankulu. Ni Mkatoliki wa kusali kabla ya kula hata karanga. Mimi nilimwita anko, yeye aliniita msomi, kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kama ananisifu au ananicheka.

Moto wake ulikuwa haubahatishi. Baba alisema Nestori anaweza kukaa na bani siku sita, na nyuzi zikapanda kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mimba. Ilikuwa sifa kubwa. Baba hatoi sifa ovyo, mimi ya mwisho nilipewa nilipoota meno.

Nestori alianza kwa kunichungulia begani. Siku ya pili akauliza, "Na huyu ng'ombe anakula nini?" Siku ya tatu akaomba ajaribu. Nikampa kipande kidogo cha shamba langu, kule mwisho, nikijua ataua kila kitu.

Hakuua. Alisubiri. Hakugusa almasi hata moja. Alipanda, akaiweka simu chini, akaenda kutazama moto wake, akarudi muda ukifika. Ng'ombe wake akampa jina la mama mkwe wake na akawa anamhudumia kwa heshima zote. Baada ya siku nne kipande chake kilikuwa kinazalisha kuliko shamba langu lote. Nilichukia kidogo, kusema kweli.

Ijumaa moja Baba alimkuta ameshika simu yangu pale bani, anacheka peke yake. Baba alitazama kipimajoto kwenye kidirisha, akakuta joto liko sawa, akaondoka. Lakini alikuwa ameona. Jambo hilo dogo ndilo nililokuja kulitumia.

Jumapili yake Baba na Mama walikwenda ibadani, kanisa letu la Moravian, na baada ya ibada kulikuwa na kikao cha wazee. Bani lilikuwa siku ya pili, majani ndiyo kwanza yanaanza kugeuka. Nestori alikuwa amekesha na moto. Kwa kawaida Baba humpokea saa sita mchana, ila siku ya kikao Nestori huendelea mpaka Baba arudi.

Mimi nikamwonea huruma. Huruma ya kweli, sikudanganyi. Nikamwambia, "Anko, lala. Moto nitakaa mimi."

Akaniuliza kama naweza. Nikamwambia mimi ni mtoto wa hapa. Akanionyesha magogo mawili, akasema niweke moja baada ya saa moja, la pili baada ya saa nyingine, nisiongeze. Akaenda kujilaza kwenye kibanda cha fito.

Sasa siku hiyo hiyo kwenye gemu kulikuwa na shindano la mavuno, linaisha saa nane na nusu mchana. Nilikuwa nafasi ya nne. Nilibakiza karoti. Nikaangalia chaji: asilimia sita.

Chaji iko senta, kwenye kibanda cha sola, mwendo wa nusu saa. Siwezi kuacha moto. Majani hayajawa njano. Nikakaa nikafikiri kama msomi.

Nikajiambia: majani yanageuka kwa joto. Joto likiwa kubwa, yatageuka haraka. Yakigeuka haraka, hapa hakuna kazi tena, naweza kwenda senta. Nakwambia, kwa dakika kama mbili hivi niliona hakuna aliyewahi kufikiri hivyo kwa sababu wakulima wote ni wavivu wa kufikiri. Bani halina kitufe cha kuharakisha, lakini lina mlango wa moto na mimi nina magogo.

Niliweka magogo tisa. Nikaenda senta.

Nilishika nafasi ya pili. Zawadi ilikuwa kofia ya kumvalisha ng'ombe.

Niliporudi, saa tisa ilikuwa imepita. Nilimkuta Nestori anavuta magogo nje kwa mikono, mengine bado yanawaka, amejifunga shati lake viganjani. Joto ndilo lililomwamsha. Nikachungulia kidirishani. Kipimajoto kilikuwa zaidi ya hamsini, na majani yalikuwa makavu kabisa, yanagongana kama karatasi. Kijani. Yote. Kijani kizuri cha mchicha.

Nestori alinitazama. Hakufoka. Aliuliza tu niliweka mangapi. Kabla sijajibu tulisikia baiskeli ya Baba.

Baba alichungulia. Alikaa kidirishani muda mrefu mno, kama mtu anayesoma barua ya msiba mara mbili. Halafu akauliza nani alikuwa na moto.

"Msomi alinipokea saa sita, mzee," Nestori akasema. "Muulize."

Baba akanigeukia. "Wewe ulimpokea?"

Nikasema hapana. Nikasema nilikwenda senta kuchaji simu, na kabla ya hapo simu alikuwa nayo anko, alikuwa anacheza gemu mpaka ikaisha chaji.

Uongo wangu ulikuwa mzuri. Ulikuwa na chaji ndani yake, ulikuwa na senta, na ulikuwa na ile Ijumaa. Baba alimwona kwa macho yake. Mimi nilikuwa namkumbusha tu.

Nestori akasema, "Mzee, leo simu sijaishika." Akasema mara moja. Baba akamjibu kwamba alimwona Ijumaa akanyamaza kwa kumheshimu, na hayo ndiyo malipo yake. Nestori akafungua shati viganjani, akalivaa. Hakunitazama tena mbele ya Baba.

Asubuhi yake aliondoka na begi lake. Nilikuwa uani, najifanya naosha ndoo. Alipita karibu yangu akasimama.

"Mihogo yangu kule mwisho inaiva saa nane," akasema. "Uivune, usiiache ikaoza."

Akaenda zake. Nilivuna saa nane. Sijui hata kwa nini nilivuna. Gemu ikanisifu.

Jamani, sikulala vizuri wiki ile. Lakini sikusema! Nilirudi shule nikiwa na mdomo wangu uleule. Nikaifuta gemu, nikaona nimetubu vya kutosha.

Mwezi wa sita nikarudi likizo, kipindi cha soko. Nikaenda na Baba kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, ambako mteuzi anapita kwenye kila belo la tumbaku na kulipangia daraja. Alipofika kwenye belo zetu za kijani alilishika jani, akaligeuza, akalirudisha. Mkulima wa jirani akachungulia akasema, "Ah, hili la Nestori."

Nikadhani anamaanisha Nestori mwenyewe. Kumbe hapana. Belo la mzee mwingine, ambaye Nestori hajawahi hata kufika kwake, nalo lilikuwa na majani ya kijani, na watu wakasema nalo ni la Nestori. Lilikuwa limeshakuwa jina. Baba alisimulia mara moja tu kwenye chama, na Goweko nzima jani lililokauka kijani likapewa jina la mtu ambaye hajawahi kuharibu bani.

Nikauliza yuko wapi. Wakasema msimu uliobaki hakuna aliyempa moto. Alifyatua matofali kidogo, halafu akaondoka na familia yake kuelekea Urambo.

Nilimwambia Baba pale pale nyuma ya ghala. Nilitaka kulia lakini machozi yalikataa kutoka, nikasimulia kwa sauti ya kawaida kama naeleza njia ya kwenda stendi. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Sikulipata, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi uliniambia peke yangu," akasema. "Mimi niliwaambia hawa wote. Sasa waambie na wewe."

Akanishika mkono, akanipeleka mbele, akawaomba wazee dakika moja. Nikawaamkia, shikamooni, wakaitikia marahaba. Nikaeleza. Nilipofika kwenye gemu, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akanyanyua mkono.

"Gemu ya nini?"

"Ya kilimo, mzee."

"Yaani uliacha tumbaku ya baba yako ukaenda kulima."

"Ndiyo, mzee."

"Ukalima nini?"

"Karoti."

"Zikatoka?"

"Zilitoka vizuri, mzee."

Mtu wa nyuma akasema basi dogo apewe pembejeo, wao wanahangaika bure. Ghala zima likacheka. Hata mteuzi, ambaye nilidhani kazi yake haimruhusu. Baba hakucheka. Aibu! Nimewahi kuchapwa mbele ya shule nzima kwa kuigiza mwendo wa mkuu wa shule, na ile ilikuwa kama sherehe ukilinganisha na hii.

Siku hizi Goweko jani likikauka kijani linaitwa kwa jina langu. Mama amesikia. Shangazi Mtendeni amesikia. Nimekubali, ni haki yangu, ingawa nilikuwa na matumaini jina langu litumike kwa kitu cha maana, kama barabara.

Baba alitafuta namba ya Nestori kwa wiki nzima mpaka akaipata kwa mtu wa parokiani kwao. Akapiga, akaomba radhi yeye kwanza, akiwa amesimama, kama anaongea na mkubwa wake. Kisha akanipa simu.

Nikasema, "Shikamoo anko." Akaitikia. Nikasema yote. Upande wake kulikuwa na mtoto analia. Akasema amesikia, na amesamehe. Kisha akaniambia kule Urambo hakuna aliyemkabidhi moto mpaka leo, maana habari ya Goweko ilimtangulia, na hajui atawaeleza vipi watu asiowajua. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anavyosema magogo mangapi yamebaki.

Baba amemwambia arudi msimu ujao. Amejibu atafikiria. Juzi nimemuuliza Baba kama amepata jibu, akasema hapana, na akaendelea kutengeneza jembe.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa huku gemu yako inakuita, cheza tu. Mimi sikukatazi, na nikikukataza hutanisikia. Gemu haikuweka magogo tisa na haikumdanganya Baba. Cheza, lakini usiombe kushika kazi ya mtu kama akili yako iko kwenye karoti. Na ukiharibu, sema ni wewe siku hiyohiyo, hata kama baba yako amesimama mbele yako. Mimi nilichelewa zaidi ya miezi miwili, na muda wote huo aliyeulipia ni baba wa watoto watatu, ambaye kosa lake lilikuwa kulala kwa sababu mimi nilimwambia alale.