Koti la Mgombea na Makofi ya Oom Piet

Mama hakunituma Johannesburg kutembea. "Likizo hii nenda kwa mjomba wako," alisema, "uje uniambie kama huko ana mtu." Mjomba Hamisi ni fundi cherehani huko, mtaa wa Jeppestown, na kwenye simu kila siku yuko salama. Mama haamini simu.

Siku tatu ndani ya basi. Mpakani afisa aliukagua mfuko wangu wa visheti, akavionja viwili. Kwa usalama wa taifa, bila shaka.

Jeppestown, asubuhi. Karakanani nilimkuta mjomba na mzee wa Kizungu kalala chini ya cherehani. "Huyu Oom Piet," mjomba akasema. Oom kwa lugha yao ni mjomba, kwa hiyo nikawa na wajomba wawili, mmoja mwekundu kama nyanya. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa. Sasa anatengeneza mashine za mjomba na wanakula sufuria moja. Kiswahili chake ni cha tumboni tu: "Ugali! Pilipili! Lete, kijana!"

Jumamosi mchana tulipeleka makoti ya chama fulani cha siasa kwenye ukumbi karibu na Rosettenville. Mjomba ndiye aliyeyashona, na kwenye kila ukosi alitia kipande cha kitenge, alama yake. Oom Piet alitusaidia kubeba. Ukumbini Wazungu watupu, viatu vya kazi, mikono yenye sugu. Mgombea wao akavaa koti, akapanda jukwaani, akahutubia kwa Kiingereza.

"Mji huu mliujenga nyinyi! Leo wageni wamekalia viti vyenu. Nikishinda, nafunga karakana zao zote!"

Na kitenge cha mjomba kinamchungulia shingoni! Nilitaka kucheka, nikamgeukia mjomba.

Akamnyooshea kidole Oom Piet. "Mzee, unaitwa nani?"

"Piet."

"Nani anamkumbuka Piet? Mimi namkumbuka Piet!"

Ukumbi ukalipuka. Mjomba alikuwa mlangoni na maboksi matupu, anamtazama rafiki yake. Oom Piet akapiga makofi.

Njiani kurudi sikuvumilia, nikamuuliza kwa Kiingereza. "Oom, unampigia makofi anayetaka kumfukuza anayekulisha?"

"Si Hamisi anayesemwa, kijana. Ni wale wengine."

"Wale wengine ndio akina nani?"

"We mtoto, basi!" mjomba akanikatiza.

"Tangu kiwanda kifungwe," Oom Piet akasema polepole, "hakuna aliyetaja jina langu kwenye kipaza sauti."

Eish! Jina tu? Yaani mtu anakupa jina lako mwenyewe, ulilokuja nalo kutoka kwenu, halafu anaondoka na kura yako! Kiwanda hakurudisha, hata bolti moja. Waliokifunga hakuwataja kabisa.

Jumatatu Oom Piet akaja kama kawaida. "Lete ugali!" Mjomba akanitazama. Nikaleta. Pilipili nilimwekea ya watu watatu. Akatokwa machozi, akala yote.

Nyumbani Tanga, sijavua hata viatu, mama akauliza: "Ana mtu?"

"Anaye," nikamjibu. "Siku zote, isipokuwa siku ya kura."