Mgongo Ulionifikisha Ujiji

Nilikwenda Kigoma kwa sababu nilikuwa siwezi tena kuvaa viatu vyangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimefanya kazi nimekaa, nimeinama. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka pajani hadi kisiginoni kama waya wa moto. Daktari aliniambia diski ya chini mgongoni imejitokeza na inagusa mshipa wa fahamu.

"Tuanze na mazoezi," alisema. "Yakishindikana, tutazungumzia upasuaji."

Neno upasuaji likaninyima raha. Wifi yangu Tausi, anayeanika dagaa ufukweni Kibirizi, Kigoma, aliposikia akanipigia simu: "Njoo kwangu. Ujiji yupo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, watu wanamsifu."

Stesheni ya Tabora, mume wangu Hamisi alinipandisha garini akiwa amenikumbatia kiunoni. Abiria wakacheka, wakidhani tumeoana jana. Safari nzima nililala chali.

Asubuhi treni ikaingia Kigoma. Ziwa lilikuwa limetulia, samawati mpaka macho yalipoishia. Tausi alinipokea kwa vigelegele, akanipeleka kwake Buzebazeba, akanipikia mgebuka, samaki wa ziwa hilo, kwa nazi kabla hata sijavua viatu. Akanivua yeye.

Kesho yake, Ujiji. Mtaalamu anaitwa Nestori, mtu mrefu, mpole, ambaye wazazi wake walitoka Burundi.

"Shikamoo mama. Nionyeshe unachofanya nyumbani maumivu yakikubana."

Nikainama miguu ikiwa imenyooka, nikitafuta kugusa vidole, kama jirani alivyonifundisha.

"Acha, mama, acha! Misuli hii ya nyuma ya paja imekaza. Ukiinama hivyo yenyewe haivutiki, mgongo ndio unaojikunja, na diski inazidi kubanwa."

Akanilaza chali kwenye godoro jembamba. Nikashika paja kwa nyuma kwa mikono miwili, nikaanza kunyoosha goti taratibu kuelekea darini.

"Buhoro, buhoro," alisema, yaani polepole kwa lugha ya kwao. "Paja likivutika kidogo, sawa. Ukisikia ganzi au moto ukishuka mguuni, rudisha."

Goti langu lilinyooka nusu tu. Niliona aibu. Yeye akaandika daftarini, akasema, "Tumepata pa kuanzia."

Juma la pili niliona nafuu, nikajipa ujasiri. Nilikuwa Kibirizi na Tausi, mchanga wote uking'aa kwa dagaa, nikainua ndoo iliyojaa. Mgongo ukanishika. Nikapiga magoti, nisiweze kuinuka.

"Wifi, nani amekutuma?" Tausi alilia.

Wakanilaza kivulini juu ya mkeka. Nilikuwa na hakika nimejiharibu, na kwamba safari ya kisu imewadia. Tausi akampigia Nestori, naye akaja mwenyewe. Alinipima nguvu za miguu, akanigusa vidole kimoja kimoja, kisha akatabasamu.

"Mguu una nguvu, na ganzi haijaongezeka. Tumerudi nyuma hatua mbili, mama. Hatujarudi mwanzo."

Halafu akawatazama akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa.

"Ninyi nyote mnakunja mgongo! Legezeni magoti, mgongo unyooke, sukumeni makalio nyuma, kama mtu anayefunga mlango huku mikono imejaa vyombo."

Wa kwanza kujaribu alikuwa Mama Feruzi, mwenye umbo la haja. Aliyasukuma kweli, yakamkuta Tausi aliyekuwa nyuma yake, wote wawili wakaketi katikati ya dagaa. Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Nilicheka huku nimeshika mgongo. Tangu siku hiyo, kila nilipofanya mazoezi yangu pale kivulini, wenzangu walijilaza kando yangu kwenye khanga zao, miguu juu.

Ijumaa ya juma la tano, nyumbani Buzebazeba. Kwa miezi saba nilikuwa nikisali kwenye kiti. Siku hiyo, kwa ruhusa ya Nestori, nilisimama mkekani, nikarukuu, nikapiga magoti, nikasujudu. Paji la uso likagusa mkeka. Nilikaa hapo muda mrefu.

"Wifi, umekwama?" Tausi aliuliza kwa hofu.

Nilimaliza swala kwanza, ndipo nikamjibu huku machozi yakinitoka: "Sijakwama. Nilikuwa nashukuru."

Safari ya kurudi nilisimama dirishani kila mguu ulipochoka kukaa. Nimejifunza kwamba nilikuwa nikipigana na mwili wangu, nikiuvuta kwa nguvu na haraka, na wenyewe ulitaka kidogo tu, kila siku. Mazoezi bado ninayo, asubuhi na jioni, na nikishona nainuka mara kwa mara.

Stesheni ya Tabora, Hamisi alikuwa ameniletea bajaji. Kiti cha nyuma amekitandikia godoro la mtoto na mito miwili. Nilimtazama, nikacheka hadi nikamshika bega. Tukapanga ndoo za dagaa alizonifungashia Tausi juu ya mito, tukamwambia dereva atangulie, nasi tukaenda nyumbani kwa miguu.