Salamu Niliyoirefusha Mbele ya Bwana D.O.

Mwaka ulikuwa 1987, mvua ndefu zimeanza, nami nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Naikumbuka siku yenyewe, mwanangu: Jumanne, tarehe 14 Aprili. Nilikuwa mjane wa miaka miwili, na asubuhi hiyo shauri la shamba la marehemu mume wangu lilikuwa lisikizwe katika ofisi ya tarafa, si mbali na Kombewa. Shemeji yangu Ogola alilitaka shamba hilo. Alikuwa amewaambia wazee wa baraza kwamba mwanamke asiyesoma hawezi kutunza shamba wala hati yake.

Maneno hayo yaliniuma kuliko dai lenyewe. Tangu Januari nilikuwa nikihudhuria darasa la watu wazima, nikaapa kwamba nitasalimu kwa Kiingereza, Ogola asikie. Kwetu, mtu mkubwa hasalimiwi kwa neno moja. Unamuuliza habari za mkewe, watoto, ng'ombe. Kadiri anavyoheshimika ndivyo unavyozidi kuuliza. Heshima hiyo yote niliibeba nikaitia katika Kiingereza, nikaongeza na neno nililolisikia kwa vijana wa Kisumu, nikaliona tamu.

Nilimshika mkono Bwana D.O., afisa wa tarafa aliyesikiliza mashauri, kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Hi, my friend. How is your wife? How are the children?"

Ogola akasimama polepole.

"Bwana D.O., kumbe shemeji yangu ni mtu wa nyumbani kwako? Basi mimi nimekuja kufanya nini hapa?"

Nilijitetea kwamba mke huyo sijapata kumwona maishani, ila namtakia afya tu. Wazee wakacheka; Bwana D.O. hakucheka. Alisema shaka kama hiyo ikishatamkwa mbele ya baraza haifutiki, akalihamishia shauri kwa afisa mwingine. Tulingoja miezi sita. Ogola akapanda mahindi upande wa juu, yakakua mpaka yakaifunika njia ya kwenda kwenye kaburi la mume wangu.

Mwalimu wetu, Akinyi, alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu. Nilimsimulia nikitaka anihurumie. Alinirekebisha.

"Mama, 'Hi' ni ya rafiki yako unayekutana naye kisimani. Unayemfahamu kidogo, mwambie 'Hello, how are you?' Afisa mwambie 'Good morning, sir,' kisha unyamaze."

"Ninyamaze? Nitaonekana sikulelewa."

"Utaonekana unamwachia afanye kazi yake. Watoto utamuulizia mkikutana sokoni, hata mpaka jua litue."

Nilimeza kiburi, mwanangu, nacho hakikuwa kidogo. Kila Jumamosi alinitoa nje nikaingia tena mlangoni, yeye akijifanya afisa nyuma ya dawati.

Ijumaa, tarehe 30 Oktoba, niliingia kwa yule afisa mpya. "Good morning, sir." Akaitikia, akanionyesha kiti. Nikaketi na kunyamaza, ingawa ulimi uliniwasha. Alitusikiliza sote wawili, akawasikiliza wazee, na kabla ya saa saba uamuzi ukasomwa: shamba lote ni langu na la wanangu, Ogola avune mahindi yake, asipande tena. Pumzi niliyoitoa nadhani ilisikika hadi nje. Niliandika jina langu mwenyewe kwenye karatasi ya uamuzi. Sikutia dole gumba.

Basi nisikilize. Kabla ya kufungua kinywa, angalia uko wapi, unayemsalimu ana kazi gani mbele yake, na nani mwingine anasikia. Mpe salamu anayoweza kuipokea bila kuona haya. Wala usikatae kufundishwa na aliye mdogo kwako.

Mungu akujalie kutoka katika kila ofisi kama nilivyotoka mimi Ijumaa ile: karatasi mkononi, kazi imekwisha, na afisa mwenyewe akinifuata hadi mlangoni kuniuliza kama watoto wangu hawajambo. Nilimjibu habari za mmoja mmoja, kwa majina.