Asali Kwenye Fomu ya Kasoro za Nyumba

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma, na nyumba yetu bado haijauzwa!

Tunauza ile ya mtaa wa Chanji. Mwenyekiti wa mtaa kaja na fomu: muuzaji ataje kasoro zote mbele ya mnunuzi, ndipo yeye agonge muhuri.

Mama alishanionya asubuhi, "Habari ya nyuki wa darini usiropoke."

Mnunuzi ni mzee mmoja Msukuma, mfugaji. Tukakaa sebuleni, jua linachoma bati kwelikweli.

"Kasoro?" Mwenyekiti akauliza.

"Hamna hata moja," Mama akajibu, macho makavu.

To! Tone la asali likadondoka katikati ya fomu.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee akachovya kidole, akaramba, akafumba macho. "Mama, nanunua leo leo. Ila nyuki wabaki."

Mama akaruka. "Wabaki wapi? Nyuki wangu nahama nao!"

Wakabishana weee, mpaka Mwenyekiti akainua kalamu. "Sasa hawa niwaandike kasoro au mali?"



Fomu bado iko mezani, inanata. Nyie mngemwambia aandike nini?