Pale Mstari Ulipoanguka

Ofisini kwetu, shule ya msingi iliyopakana na shamba la chai upande wa Kapkatet, kulikuwa na karatasi ya manila yenye mstari mmoja wa wino mwekundu. Ulikuwa wastani wetu wa mtihani wa darasa la nane, mwaka baada ya mwaka, na chini yake mstari wa shule jirani kwa wino wa buluu. Mwalimu mkuu aliupenda ule mwekundu kuliko mshahara wake. Kila alipouona unapanda, hata chai ya saa nne aliimimina mwenyewe vikombeni.

Kuulinda, alikuwa na dawa yake: mtoto dhaifu anarudia darasa la saba. Shule nyingi zilifanya hivyo na wazazi walishazoea. Mimi nilichukia, na nilisema hivyo kwenye kikao cha walimu mpaka nikaitwa mkorofi.

Mwaka ule zamu ilimwangukia msichana mmoja wa kambini, zilipo nyumba za wafanyakazi wa shamba, mtoto wa mchuma chai aliyetoka upande wa ziwa. Hesabu ilimshinda kabisa. Baba yake alikuja ofisini na buti zake za mpira, akakataa kuketi.

“Mwalimu, mashine ya kuchuma imekuja. Sisi tumeambiwa mwisho wa mwaka turudishe nyumba. Akirudia, atarudia wapi?”

“Mzee, atatuangusha,” mkuu akasema.

“Wacha awaangushe. Lakini afanye mtihani.”

Aliondoka, akarudi kesho yake, na keshokutwa, kila mara kabla ya kwenda kuchuma. Nilimtetea kadiri ya uwezo wangu. Mwishowe mkuu alichoka kumwona mlangoni, akamwandikisha msichana kufanya mtihani.

Matokeo yalipotoka, kwa darasa dogo kama letu, mstari mwekundu ulishuka hata chini ya ule wa buluu. Familia ilikuwa bado haijahama, ikingojea malipo yake ya kuachishwa kazi. Kwenye mkutano wa wazazi, mkuu alitundika karatasi ubaoni, akagonga kwa fimbo pale uliposhuka na kuuliza nani anaweza kueleza aibu hii. Watu waliinamisha vichwa. Yule baba akasimama nyuma, kofia mkononi.

“Mwalimu, hapo mahali mstari imeanguka ni msichana wangu. Kama hangefanya, mstari ingekuwa sawa, na yeye hangekuwa mahali popote.”

Akaketi. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Mwaka uliofuata mstari ulipanda. Maafisa wa elimu walikuja, wakalinganisha miaka, wakatusifu, na akina mama wakatunywesha mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kibuyuni, jinsi washindi wanavyopokewa kwetu. Hakuna aliyeuliza watoto wa kambini wako wapi. Walikuwa wamehama na wazazi wao, na madawati yao yalipangwa ukutani, yamepandana. Nilikunywa, maana kibuyu hakikataliwi, lakini hasira ilinikaa siku nyingi.

Siku hizi mtihani ule umefutwa. Karatasi imebaki, rangi imepauka. Walimu wageni huuliza tulifanya nini mpaka tukapanda vile. Mimi huweka kidole pale chini, nikawaambia kuna msichana alikaa hapo na kalamu yake, akafanya mtihani mpaka mwisho.