Maneno Matano ya Verna Pruitt

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1947. Upepo wa moto kutoka jangwani, siku ya tatu mfululizo. Vichaka vya milimani vinaungua na majivu yanaanguka juu ya magari. Hakuna wingu hata moja.

Ndani ya banda namba saba la studio ya sinema, hata hivyo, mvua ilikuwa inanyesha tangu saa mbili asubuhi. Ilitoka kwenye mabomba yaliyotobolewa, ikatiririka kwenye dirisha la hoteli isiyo na vyumba, na nje ya dirisha hilo palikuwa na usiku ulioshonwa kwa vitambaa vyeusi. Hivyo ndivyo tulivyozitengeneza sinema zile. Sisi tuliziita sinema za mauaji tu. Siku hizi zina jina la heshima, watu wanaziandikia vitabu, wanasifu vivuli vyake na uso wa nyota wetu Lorraine Dace uliomulikwa upande mmoja na upande wa pili ukaachwa gizani. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu uso huo. Sijasoma mstari mmoja kuhusu Verna Pruitt, aliyesimama mahali pa uso huo kwa miaka minane mpaka macho yakamharibika. Kwa hiyo naandika mimi, niliyekuwa karani wa mswada katika banda lile, mwenye kuandika kila kilichotokea mbele ya kamera, na niliyekuwapo.

Kazi ya Verna ilikuwa kusimama. Vivuli vile havikuja vyenyewe. Ilikuwa lazima mafundi wasogeze taa, wazizibe kwa mbao, wazisogeze tena, na muda wote huo mtu awe amesimama juu ya alama ya chaki ili waone mwanga unaangukia wapi. Nyota hasimamishwi saa nzima namna hiyo. Anatafutwa mwanamke wa urefu wake na nywele za rangi yake, anavishwa viatu kama vyake, na huyo ndiye anayemulikwa. Mwanga ukikaa sawa, nyota anaitwa kutoka chumba chake chenye feni, anakanyaga alama ileile, na kamera inaanza kunasa. Msimamaji anaambiwa, "Pisha."

Verna alitoka Fresno, mtoto wa watu wa kuanika zabibu. Alikuja mjini kucheza dansi akiwa na miaka ishirini na mbili, na sasa alikuwa na thelathini na minane. Taa zetu zilikuwa za kaboni, zikiwaka kama mtu anachomelea vyuma, na mavumbi yake yalikuwa makali. Kwenye mkoba wake hakukosa kiazi kibichi na kisu kidogo. Saa ya chakula alilala kwenye benchi na vipande viwili vya kiazi juu ya kope. Mwezi wa Agosti daktari alimwambia wazi: mwisho Krismasi. Akiendelea kusimama mbele ya taa zile baada ya hapo, asije kumlilia.

Njia ya kutoka ilikuwa moja. Kanuni ya umoja wa waigizaji ilisema hivi: mtu yeyote anayetamka maneno yaliyoandikwa, mbele ya kamera inayonasa, ni mwigizaji, na anastahili kadi ya uanachama. Mwenye kadi anaweza kuitwa kucheza mama mwenye nyumba, muuguzi, mpiga simu. Watu wanaoingia, wanamulikwa dakika tano, wanakwenda zao. Asiye na kadi hafunguliwi hata mlango. Na kadi huipati bila kutamka, na hutamki bila kadi, mpaka mtu akupe nafasi.

Sasa elewa ubaya wake. Kazi kubwa ya wasaidizi wa mwongozaji ilikuwa kuhakikisha watu wa aina ya Verna hawafungui midomo, kwa kuwa anayetamka hulipwa zaidi. Waliambiwa watikise kichwa, waoneshe kwa kidole, wapandishe mabega. Ukiziangalia sinema zile leo utaona watu wengi mno wanaojibu kwa kutikisa kichwa. Wenye vitabu wanasema ni ukimya wa kutisha, ni ufundi. Si ufundi. Ni ubahili wa roho.

Asubuhi hiyo Verna alikuwa amekwisha kusimama dakika hamsini. Fundi mkuu wa taa, Ollie Brekke, mzee mwenye sauti nzito, alikuwa juu ya ngazi.

"Dada Verna, kidevu juu kidogo. Hapo. Usipepese."

"Nisipopepesa nitakuwa maiti, Ollie."

"Hii ni sinema ya mauaji. Utapata kazi."

Akacheka, machozi yakimtoka. Hayakuwa ya kicheko.

Onyesho lilikuwa fupi. Lorraine Dace anaingia hotelini akiwa amelowa, anamuulizia mwanamume aliyeahidi kumsubiri. Mwanamke wa mapokezi anamjibu: "Ameshaondoka, bibi. Hakuacha neno lolote." Maneno matano. Kisha kamera inabaki kwenye uso wa Lorraine. Mwigizaji aliyeajiriwa kwa mapokezi aliishi bondeni, na saa nne ikaja simu kwamba moto umefunga barabara.

Mwongozaji wetu, Emmerich Vogl, alikuwa mtu wa Vienna, hakupenda kusubiri. Akageuka, akamwona Verna anajifuta macho kwa leso.

"Wewe. Vaa miwani, funga kitambaa kichwani. Utakaa mapokezi. Maneno unayajua?"

"Nayajua yote, bwana Vogl. Ya kila mtu."

"Vizuri. Basi seme."

Hakuwa akiijua vizuri lugha yetu, lakini alieleweka. Nilimtazama Verna. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni mpaka usoni. Hakutabasamu, nadhani aliogopa bahati hiyo ingemponyoka.

Msaidizi wa mwongozaji, Hub Tarkin, alimfuata mpaka kwenye rafu ya kofia, nilipokuwa napima kwa macho urefu wa sigara ya mkupuo uliopita, yaani picha ya mwisho kunaswa, ili inayofuata ilingane nayo. Hakujali kwamba nipo. Watu hawamjali karani.

"Sikiliza, mama. Utafungua mdomo tu. Sauti isitoke."

"Bwana Vogl amesema niseme."

"Bwana Vogl anaongoza picha. Mimi naongoza watu. Sauti tutaibandika baadaye, ya mwenye kadi."

"Miaka minane, Hub. Nilikuwa hapa wewe bado unabeba kahawa."

"Na utaendelea kuwa hapa, ukinisikiliza."

Mkupuo wa kwanza bomba lilimwagia Lorraine kofia yote, tukasimama. Mkupuo wa pili Lorraine aliingia, akauliza, na Verna akafungua mdomo, akaufunga, bila sauti. Lorraine akasubiri. Alikuwa mwigizaji wa kweli, hilo simnyimi. Alihitaji kupigwa na neno ndipo uso wake ubadilike. Alisubiri, akasubiri, kisha akavua glovu na kuitupa juu ya kaunta.

"Mnaniletea nini hapa, samaki? Nimeuliza swali, nataka jibu!"

Watu wakacheka. Verna alibaki amekaa nyuma ya kaunta, mikono juu ya daftari la wageni, na miwani ile ya kuazima. Nimeshuhudia watu wakitukanwa kwenye banda lile zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Hilo ndilo ambalo sijalisahau.

"Kwa nini hakuna sauti?" Vogl akauliza.

Tarkin akaanza, "Tulionelea, bwana, kwamba—"

"Nani alionelea? Seme, mwanamke! Seme!"

Mkupuo wa tatu. Lorraine akaingia na maji yakimtiririka mabegani, akamuulizia mtu wake. Verna akainua macho yake mekundu, ambayo mpambaji yeyote asingeweza kuyatengeneza, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kuwapa watu habari hiyo:

"Ameshaondoka, bibi. Hakuacha neno lolote."

Na uso wa Lorraine Dace ukavunjika. Huo ndio uso wanaouchapa kwenye majalada ya vitabu. Ulitokana na maneno hayo matano. Vogl akasema, "Hiyo. Chapa hiyo," na Ollie kule juu ya ngazi akapiga makofi mara mbili, jambo lisiloruhusiwa.

Niliandika kwenye karatasi ya siku, kama nilivyoandika kila mkupuo kwa miaka kumi na moja: *Mkupuo wa 3. V. Pruitt, mapokezi, anasema mstari wote kama ulivyoandikwa. Umekubaliwa.* Karatasi hiyo huandikwa na nakala mbili chini yake. Ya kwanza inakwenda ofisini, ya pili kwa mkata filamu, ya tatu, ya rangi ya waridi, inabaki kwa karani.

Saa ya chakula Tarkin alikuja nilipokuwa nafungua mkate wangu wa jibini.

"Opal, kuna kosa kwenye karatasi yako. Mkupuo wa tatu. Andika: anatikisa kichwa."

"Hakutikisa kichwa."

"Najua hakutikisa. Nakwambia uandike."

"Naandika kilichotokea. Nikianza kuandika kingine, siku ukija kuniuliza bastola ilikuwa mkono gani, nikujibu nini?"

Aliniangalia kama kiti kilichosema. Akachukua nakala mbili za juu, akaondoka nazo. Ya waridi hakuijua, au aliisahau. Niliikunja, nikaiweka ndani ya mkoba.

Saa tisa walimwita Verna kwenye kona ya banda, kwenye meza ya Tarkin. Kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa: kwamba yeye, Verna Pruitt, siku hiyo hakutamka neno lolote mbele ya kamera. Akitia sahihi, nafasi yake ya kusimama ni yake kwa sinema mbili zijazo. Asipotia, kesho asije. Lorraine Dace alikuwa hatua tatu kutoka pale, akirekebishiwa pindo la koti. Verna alimgeukia.

"Bi Dace. Ulinisikia. Ulinijibu kwa uso wako. Waambie."

Lorraine aliangalia kucha zake. Mkataba wake ulikuwa unaisha Januari, kila mtu alijua, na wasichana wa miaka ishirini walikuwa wamejaa korido. Naandika hilo ili mtu asiseme nimelificha. Halimpunguzii lawama.

"Mpenzi, mimi nikiigiza sisikii kitu."

"Husikii kitu!" Verna alisema. Hakupiga kelele mwanzoni. "Miaka minane nimevaa viatu vyako. Nakujua unavyoegemea mguu wa kushoto, najua bega lipi unalificha. Wakisifu mwanga kwenye shavu lako, ni shavu langu lililotafutiwa mwanga ule, na ni macho yangu yaliyoungua. Leo nimekupa maneno matano, umeyala yote mbele ya watu, na sasa hukuyasikia?"

"Verna, punguza sauti," Tarkin akasema.

"Ndiyo, nipunguze! Si ndiyo kazi yako kunipunguzia sauti? Unaniogopa nini, Hub? Maneno matano yatakubomolea banda? Leta hiyo kalamu."

Tarkin akampa kalamu, uso umemlainika. Verna akaichukua, akaitia kwenye kikombe cha kahawa cha Tarkin, wino ukasambaa, akaiacha humo.

"Kunywa," akamwambia.

Hakuna aliyecheka safari hii. Ollie alikuwa ameshika ngazi yake anaangalia chini. Nilitaka kusikia mtu mmoja katika watu arobaini akisema kitu. Mabomba ya mvua ndiyo yaliyokuwa yakitoa sauti. Na mimi pia nilikuwa mmoja wa hao arobaini.

Verna alichukua mkoba wake. Nilimfuata mpaka kwenye mlango mkubwa, na nilipoufungua, upepo ule wa moto ulitupiga usoni pamoja na majivu. Nikampa karatasi ya waridi.

"Hii ni yako ya kazi, Opal," akasema.

"Ina saa, ina sahihi yangu. Peleka."

"Watakujua."

"Wanaujua mwandiko wangu miaka yote hii. Nenda, dada, usisimame kwenye mwanga."

Aliitazama kwa muda, akiisogeza karibu na pua kwa sababu hakuweza tena kusoma mbali. Akaitia ndani ya kofia yake, akaondoka bila kugeuka. Alikuwa na hasira bado, niliiona mgongoni mwake.

Jumatano asubuhi, kabla ya saa mbili, alikuwa mbele ya mlango wa umoja wa waigizaji, miwani nyeusi machoni, wa kwanza katika foleni. Haya alinisimulia mwenyewe. Mlango ulipofunguliwa aliiweka karatasi mezani na kusema hatoki hapo mpaka isomwe. Bwana mmoja wa shati la mikono mifupi aliisoma mara mbili, akapiga simu studio, akawaambia wasithubutu kugusa sauti ya mkupuo wa tatu. Aliongea kwa ukali, kisha akasikiliza, kisha akaongea kwa ukali zaidi. Alipokata simu alifungua droo, akatoa kadi ya muda, akampa karani wake aijaze.

Karani akaandika *Vera*. Verna akaivua miwani, akaisogeza kadi karibu na uso, akamrudishia. Karani akachukua nyingine, akaandika *Verna Prewitt*. Akamrudishia tena, akalivuta daftari la karani kuelekea kwake, akachukua kalamu, akaliandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, akakaa kusubiri kadi ya tatu.